Taa ya eabegi inawaka, fundi anataka kung'oa balbu

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Nimenunua Toyota Probox iliyotumika, ya mwaka 2008. Natembea nayo kati ya Kasulu na Kigoma mjini, na mara mojamoja nafika Tabora. Taa ya SRS, ile ya eabegi (mifuko ya hewa), haizimiki. Fundi anataka kung'oa balbu yake, anasema eabegi hazifanyi kazi mpaka ugonge vibaya, na ukigonga vibaya umekufa tu. Mimi hufunga mkanda. Mama watoto hukaa nyuma amempakata mtoto wetu wa mwaka mmoja, na nyuma yao kwenye buti mara nyingi kuna madumu ya mawese. Mwezi uliopita jirani aligonga ng'ombe na pua ya gari lake ikakunjika yote. Nikajiuliza, haya magari si karatasi? Ya zamani chuma kilikuwa chuma. Nieleze vitu hivi vinamlindaje mtu, na nianze kurekebisha kipi, maana hela ya kufanya vyote sina."

Jibu: Ndugu yangu, balbu isiguswe. Ila nitaanzia kwenye ile pua ya jirani, kwa sababu ukielewa ilikunjika kwa nini, mengine utayapanga mwenyewe bila mimi.

Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, na wewe uliyemo ndani uko kwenye 50. Gari likigonga na kusimama, mwili wako haujapata habari bado. Unaendelea na safari. Kwa mwili, kusimamishwa ghafla kutoka 50 ni sawa na kuanguka kutoka juu ya mchikichi wa mita 10. Kutoka 80 ni mita 25, na kutoka 100 ni karibu mita 40. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo huongezeka mara nne. Sasa mfikirie mkwezi aliyeteleza. Kinachoamua kama atainuka ni kile anachoangukia. Akiangukia jiwe, mwili unasimama ndani ya sentimita chache. Akiangukia rundo nene la makuti mabichi, unasimama ndani ya nusu mita hivi. Kimo ni kilekile, lakini umbali wa kusimama ukizidi mara kumi, nguvu inayompiga inapungua mara kumi. Vifaa vyote vya gari vinavyofanya kazi wakati wa kugonga vinatafuta jambo hilo moja: kumwongezea mtu sentimita za kusimamia, na kuitandaza ile nguvu juu ya mifupa yenye uwezo wa kuibeba.

Tuhesabu. Gari limegonga ukuta kwa 50 na pua yake imekunjika sentimita 60. Aliyefunga mkanda anasimama pamoja na gari, kwa hiyo naye anazipata zile sentimita 60. Kwa muda huo uzito wake ni kama umezidishwa mara 16, na mtu wa kilo 70 anaushindilia mkanda kwa kilo 1,100 hivi. Ni nyingi, lakini nyonga, kifua na bega vikigawana, mtu anapona, pengine na michubuko na ubavu uliopata ufa. Asiyefunga mkanda hakupata hata sentimita moja kati ya zile 60. Pua imekunjika, gari limesimama, yeye bado yuko kwenye 50 mpaka akutane na usukani au kioo, na pale kuna sentimita tano au kumi tu za kusimamia, nyingine zikiwa ni za mbavu zake mwenyewe. Kwake ni mara 100 hadi 200.

Ndiyo maana pua ya gari la jirani kukunjika si aibu kwa gari. Imefanya ilichoumbiwa. Mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz ndiye aliyeandikisha wazo hili mwanzoni mwa miaka ya 1950: mbele na nyuma ya gari vikunjike, kibanda cha abiria katikati kisikunjike. Gari la kwanza kujengwa hivyo lilitoka mwaka 1959. Mwaka huohuo Nils Bohlin wa Volvo alileta mkanda wa pointi tatu tunaoutumia leo, na kampuni yake ikaacha watengenezaji wengine wautumie. Na kwa wanaolilia chuma cha zamani, mwaka 2009 taasisi ya bima za magari ya Marekani, IIHS, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, uso kwa uso upande wa dereva, kila moja ikiwa kwenye kilomita 64 kwa saa. Kibanda cha Bel Air kilifumuka, usukani ukamfuata dereva wa bandia. Kwa majeraha yaliyopimwa, dereva wa Bel Air angekuwa maiti. Wa Malibu angeumia mguu. Chuma kigumu kisichokunjika hakiifuti nguvu ya pigo. Kinaipitisha kama ilivyo hadi kwa aliyekaa ndani.

Lakini pua hukunjika mara moja. Ikishanyooshwa kwa moto na nyundo, chuma kile si kilekile tena: kikipashwa moto ugumu wake hubadilika, na safari ijayo kitakunjika mapema kuliko kilivyopangwa au kitagoma kabisa. Kwa kuwa gari lako limetumika, fungua boneti utazame mihimili miwili inayotoka kwenye ukuta wa kabini kuelekea bampa. Vibonyeo vinavyolingana kulia na kushoto ni vya kiwandani, ndivyo vinavyouonyesha mhimili mahali pa kuanzia kukunjika. Mikunjo ya upande mmoja tu, weldingi yenye matuta, rangi iliyopigwa juu ya kutu, au boliti za fenda zilizochunika rangi na spana, zote zinasema gari limewahi kugonga. Na ukikuta fundi wa bodi amechomelea engo ndani ya mhimili "kuuimarisha", amekutengenezea Bel Air.

Sasa eabegi. Waswahili husema kufumba na kufumbua, na jicho likifumba na kufumbua huchukua milisekunde 100 au zaidi. Ajali nzima ya kugonga ukuta kwa 50 imekwisha ndani ya muda huo. Bampa linagusa. Ndani ya milisekunde 10 hadi 20 hivi, kompyuta ndogo iliyo chini katikati ya gari imepima jinsi mwendo unavyopungua na kuamua kwamba hili si shimo wala tuta. Kitu cha kwanza inachofyatua, pale penye kifaa hicho, si eabegi. Ni kikaza mkanda: baruti ndogo iliyo kwenye roli ya mkanda au kwenye kufuli lake, inayovuta ule ulegevu wa sentimita kadhaa ulioachwa na koti au mkao wako. Milisekunde chache baadaye gesi inaujaza mfuko, na kufikia milisekunde ya 50 au 60 kichwa chako, kilichokuwa kikienda mbele, kinaukuta umejaa. Haukai umejaa. Una matundu nyuma, na kichwa kikizama gesi inatoka, ndiyo maana ni godoro na si ukuta. Wakati huohuo mkanda wa gari la kisasa unalegea kidogo kwa makusudi, nguvu ikizidi kiwango, usije ukavunja kifua. Karibu na milisekunde ya 90 gari limesimama, na wewe umesimama nalo.

Angalia mpangilio huo: pua, mkanda, eabegi. Herufi ya kwanza ya SRS maana yake ni nyongeza. Eabegi ni nyongeza ya mkanda, na haikubuniwa imbebe mtu peke yake. Mfuko unatoka kwa kasi inayofika kilomita 300 kwa saa. Aliyefunga mkanda anaukuta umeshamaliza kujaa. Asiyefunga anaweza kuwa ameshasogea na kuukuta ukiwa bado unapasuka kutoka kwenye kifuniko chake, na hapo unampiga. Kwa sababu hiyo, kati ya kifua chako na katikati ya usukani kuwe na sentimita 25 au zaidi. Abiria wa mbele asiweke miguu juu ya dashibodi. Lile zulia la manyoya linalotandazwa juu ya dashibodi litolewe, na kava la kiti lisiwekwe kwenye gari lenye maandishi ya SRS ubavuni mwa kiti, kwa sababu mfuko wa pembeni hutokea pale kwenye mshono.

Turudi kwenye taa. Ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, taa ya SRS inatakiwa iwake sekunde sita hivi kisha izime. Hiyo ni kompyuta inajikagua. Isipozima, imekuta hitilafu. Isipowaka kabisa, mtu ameshaing'oa au kuiziba, na gari la namna hiyo ukiliuziwa liogope kuliko lako. Ambacho fundi wako hakukwambia ni kwamba kompyuta hiyohiyo ndiyo inayofyatua kikaza mkanda. Taa ikiwaka, inawezekana si eabegi tu iliyolala. Mkanda utaendelea kujifunga kwa njia yake ya kawaida, lakini gari lenye vikaza linaweza kuvipoteza navyo, na ukazimiwa taarifa hiyo kwa balbu kung'olewa.

Mara nyingi tatizo ni dogo kuliko woga wa mafundi. Jiulize kwanza: honi inalia? Kama honi ilikatika siku zilezile taa ilipoanza, mshukiwa wa kwanza ni ule utepe wa waya unaojizungusha nyuma ya usukani, mafundi wanauita kloki springi. Waya wa honi na wa eabegi ya dereva zote zinapita humo, na hukatika kwa uzee au fundi akiutoa usukani na kuurudisha bila kuuweka katikati. Mshukiwa wa pili ni soketi za rangi ya manjano, hasa zile zilizo chini ya viti kwenye magari yenye mifuko ya pembeni. Vumbi la barabara zetu, maji ya kuoshea zulia, au jeki iliyosukumwa chini ya kiti vinatosha kuilegeza moja. Mshukiwa wa tatu ni betri iliyowahi kuchoka sana ikaacha kodi (namba ya hitilafu) ndani ya kompyuta. Mpelekee fundi umeme mwenye mashine inayosoma upande wa SRS, si injini tu, akuandikie kodi aliyoikuta kabla hajaifuta. Akiifuta na ikarudi, hitilafu bado ipo.

Yeyote atakayegusa waya za manjano atoe kwanza terminali hasi ya betri, kisha asubiri zaidi ya sekunde 90. Ndani ya kompyuta kuna akiba ya umeme inayotosha kufyatua mfuko hata betri ikiwa imekatika kwenye ajali, na akiba hiyo haijui kama wewe ni fundi. Asipime kwa mita moja kwa moja kwenye eabegi, kwa kuwa umeme mdogo wa mita unaweza kuifyatua. Na asikubandikie rizista (kijipande cha kuzuia umeme) badala ya eabegi. Ujanja huo upo mjini: rizista yenye upinzani unaokaribiana na wa eabegi inaidanganya kompyuta kwamba mfuko upo, taa inazima, mteja anafurahi, ndani ya usukani hamna kitu.

Kuna jambo moja la kuangalia upande wa pili, ambapo eabegi yenyewe ndiyo inakuwa hatari. Kampuni ya Takata ya Japani ilitumia naitreti ya amonia katika vitoa gesi vya mamilioni ya magari. Kemikali hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, huharibika na kuungua kwa kasi kupita kiasi. Kopo la chuma linapasuka na vipande vyake vinamrukia dereva au abiria wa mbele. Takriban vitoa gesi milioni 100 duniani viliitwa virudishwe, Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na Mitsubishi zikiwamo, na Takata yenyewe ikafilisika mwaka 2017. Magari yaliyohusika ni ya umri huu wa lako, na pwani ya Ziwa Tanganyika haikosi joto wala unyevu. Tazama namba ya chesesi: gari lililouzwa Japani halina ile namba ya tarakimu 17, lina herufi na namba fupi kama NCP51, kisha kistari, kisha tarakimu saba. Tovuti ya Toyota ya Japani ina ukurasa wa kuangalia wito wa marekebisho kwa namba hiyo. Ni wa Kijapani, lakini simu itakutafsiria. Kama halijarekebishwa, wasiliana na wakala rasmi wa Toyota, na abiria wa mbele ahamie nyuma mpaka lirekebishwe. Usinunue eabegi ya mtumba bila kufanya ukaguzi huu kwa gari ilikotolewa. Kwa kawaida hutajua ilikotolewa, kwa hiyo usiinunue.

Kuhusu "ukigonga vibaya umekufa tu", fundi amekosea kwa sehemu kubwa na amepatia kwa sehemu ndogo. Eabegi za mbele kwa kawaida hupangwa kufyatuka kwenye pigo linalolingana na kugonga ukuta mgumu kwa kilomita 13 hadi 23 kwa saa na kuendelea. Huko si kufa. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa waliomo garini hadi asilimia 50. Na magari mawili yenye uzito sawa yakigongana uso kwa uso, kila moja likiwa kwenye 50, kila gari linapata pigo la ukuta kwa 50, si la 100 kama wengi wanavyojumlisha. Lakini chukua Probox ya kilo 1,100 na basi la tani 14, yote kwenye 80, yakutane uso kwa uso. Baada ya pigo yote yanaelekea linakokwenda basi, kwa kilomita 68 hivi. Mwendo wa basi umebadilika kwa 12. Wa Probox umebadilika kwa 148. Hapo sentimita 60 za pua hazina la kusema. Majaribio maarufu ya Ulaya ya kugongesha mbele yalifanywa kwa 64 kwa saa, na kwa 100 nguvu ni mara 2.4 ya hiyo. Kwa hiyo kwenye lami iliyonyooka kuelekea Uvinza, ukikanyaga 110, unaendesha nje ya hesabu ambayo wahandisi wa gari lako waliifanya.

Tukio la ng'ombe nalo lina kanuni zake. Ng'ombe hukatwa miguu na bampa, mwili wake ukapanda juu ya boneti hadi kwenye kioo. Kwa sababu mwili ni laini na pua haikusimamishwa ghafla, eabegi zinaweza zisifyatuke, na hiyo pekee si dalili ya ubovu. Vivyo hivyo ukiingia chini ya bodi la lori, ukigongwa nyuma, au gari likibiringika. Kinachokulinda kwa ng'ombe ni nguzo mbili za kioo na kioo chenyewe. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyenye utando wa plastiki katikati, hupasuka bila kumwagika. Pia kinasaidia kulibeba paa, na kwenye magari mengi eabegi ya abiria hujiegemeza kwenye kioo hicho inapojaa. Ukibadilishiwa kioo kikagandishwa kwa silikoni ya madirisha badala ya gundi yake ya magari, eabegi ya abiria inaweza kukisukuma nje na kubaki bila pa kuegemea. Muulize fundi jina la gundi, na gari lisiondoke mpaka muda wa kukauka ulioandikwa kwenye gundi hiyo upite.

Sasa kiti cha nyuma, na hapa ndipo kwenye gari lako kunaponitisha kuliko taa.

Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo 10 hivi. Kwa pigo lile la 50, mara 16, mikono ya mama inatakiwa izuie kilo 160. Ni zaidi ya gunia na nusu la mahindi, na linakuja bila hodi. Hakuna mama mwenye mikono hiyo, hata awe anapepeta na kutwanga kila siku. Kumfunga kwa mbeleko kifuani hakusaidii, na kuupitisha mkanda mmoja juu ya mama na mtoto ni kubaya zaidi: mtoto anakuwa kati ya mkanda na uzito wa mama uliozidishwa mara 16. Mbeleko ni ya kubebea, haishindani na ukuta.

Kwa hiyo matumizi yako ya kwanza ya fedha ni kiti cha mtoto, kabla ya fundi umeme. Umri huu akae akitazama nyuma ya gari, kwa sababu kichwa chake ni kizito na shingo bado laini. Akitazama nyuma, pigo la mbele linambonyeza kwenye ganda la kiti, na kichwa, shingo na mgongo vinasimama pamoja. Kiti kiwe na lebo yenye namba ya kanuni ya usalama, R44/04 au R129, na kiwango cha uzito au kimo kinachomfaa. Cha mtumba kikague plastiki isiwe na ufa wala weupe wa kukunjika, na ukiona kimefifia kwa jua na hakina lebo, kiache. Kifunge kwa mkanda wa pointi tatu kwenye kiti cha nyuma cha pembeni. Mkanda upite kwenye alama za buluu, hizo ndizo za kutazama nyuma (nyekundu ni za kutazama mbele). Kandamiza kiti kwa goti huku ukivuta mkanda, kisha kitikise pale mkanda unapopita: kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, fungua uanze upya. Mikanda midogo ya mtoto itokee usawa wa mabega yake au chini kidogo, na ikibanwa usiweze kuukunja mkanda kwa vidole viwili pale begani. Mvue sweta nene kwanza. Blanketi linawekwa juu baada ya kufunga. Na kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya eabegi inayofanya kazi, kwa sababu mfuko utakipiga mgongoni usawa wa kichwa cha mtoto.

Mama watoto naye afunge mkanda. Asipofunga, mtu wa kilo 60 anakugonga mgongoni kwa tani moja au zaidi, na kiti chako hakikujengwa kubeba hiyo. Mikanda ya nyuma ya Probox mara nyingi ipo ila imezikwa: imesukumwa chini ya kalio la kiti, au kava limeifunika. Inyanyue, isafishe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, usitumie jiki wala petroli. Ivute yote hadi mwisho utazame kingo. Nyuzi zilizokatika, sehemu iliyong'aa kama iliyoyeyuka karibu na kitanzi cha juu, mkanda usiorudi, au kufuli lililozama chini kuliko mwenzake, ni dalili kwamba umeshabeba ajali moja, na uliobeba ajali hubadilishwa. Kisha uvute kwa ghafla: ukifunga papo hapo, roli ni nzima.

Uvaaji nao una namna. Kipande cha chini kikae juu ya mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo. Mjamzito akipitishe chini ya mimba. Kipande cha juu kipite katikati ya mtulinga na kifua, si kwapani. Na anayelaza kiti ili alale kuelekea Tabora anaufanya mkanda kuwa mtego: mwili huteleza chini yake, na kile cha nyonga hupanda tumboni penye ini na bandama. Sisemi habari za wale wanaojitupia mkanda begani wakimwona trafiki bila kuuchomeka. Hao wamevaa skafu.

Madumu. Dumu la lita 20 la mawese ni kilo 18 hivi, na kwa mara 16 linafika karibu kilo 290. Madumu manne ni zaidi ya tani moja, yakiielekea migongo ya mama na mtoto. Yapange chini kabisa, yagusane na mgongo wa kiti cha nyuma bila kuacha nafasi ya kupata kasi, yafungwe kwa kamba za kukazia kwenye vyuma vya sakafu ya buti vilivyowekwa kwa kazi hiyo, na uhakikishe mgongo wa kiti umelia "kach" pande zote mbili. Usipange chochote kuzidi kimo cha mgongo wa kiti. Jeki, spana na pampu navyo viwe ndani ya kisanduku chao. Siku ya mzigo mkubwa, mama na mtoto wasafiri siku nyingine, ikiwezekana.

Kwa hiyo wiki hii, bila hata shilingi: fukua mikanda, funga madumu, inua vile vizuia kichwa mpaka ukingo wa juu ufike usawa wa utosi au angalau juu ya masikio (vikikaa shingoni, gari likigongwa nyuma vinakuwa kigingi cha kuivunjia), toa zulia la dashibodi, kagua namba ya chesesi. Fedha ya kwanza ni kiti cha mtoto. Ya pili ni mkanda wowote ulioshindwa mtihani. Ya tatu ni mashine ya SRS na hicho itakachokionyesha. Ukiniuliza kwa nini eabegi ni ya tatu wakati swali lako lilianzia kwake, rudi kwenye zile milisekunde: inafika baada ya mkanda, na bila mkanda inamkuta mtu mahali pasipo pake.

Umesahau kuuliza jambo moja ambalo kwa njia ya Kasulu najua litakuja. Ukibeba ndugu wakazidi, watu wawili wakikaa kiti cha mbele na mkanda mmoja ukapitishwa juu yao, aliye ndani atakuwa eabegi ya aliye nje, na vichwa vyao vitagongana kabla mfuko haujafika. Viti vya gari hilo ni vitano. Wa sita apande basi.